Juu Hariri, Chini Msasa

Nasema mapema ili tusisumbuane: Bwana Hariri amekufa. Yule jambazi wa kwenye tamthilia, mwenye suti za kung'aa na viatu vya kujitazamia uso, alipigwa risasi kwenye ghala lake, akafa, na habari yake ikaishia pale. Najua kuna watakaoninunia. Kuna ofisi ambazo mpaka leo watu hawasalimiani kwa sababu ya ile picha ya mwisho, na mimi mwenyewe nilikuwa mkuu wa kambi ya Yu Hai mtaani kwetu, nikibishana mpaka mate yananikauka. Nimehama kambi. Siku hizi najua miguu ile ni ya nani. Ni ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa.

Kwa asiyeiona, picha yenyewe ni hii. Inspekta, yule mwanamke aliyemwinda Bwana Hariri tangu sehemu ya kwanza, anaingia chumba cha maiti peke yake. Maiti imelala juu ya meza, imefunikwa shuka gubigubi. Hafunui uso. Anakwenda upande wa miguuni, anainua shuka kidogo, miguu inatokeza, anafunga kikaratasi cha jina kwenye kidole gumba. Anatulia. Halafu anatabasamu, tabasamu la mtu aliyenong'onezwa siri, anafunika, anatoka. Basi, majina ya waigizaji yanaanza kupanda.

Tangu hapo hatukupumzika. Kwa nini hakufunua uso? Na kwa nini atabasamu mbele ya maiti, mtu ambaye hakuwahi kuonyesha jino tangu tamthilia ianze? Lakini kubwa zaidi ilikuwa ile miguu, maana ilijaza skrini nzima. Visigino vilikuwa na magaga ya kuficha punje ya mahindi. Ukucha wa kidole gumba mweusi, umepinda kama kizibo cha soda kilichofunguliwa kwa meno. Ngozi kavu, yenye weupeweupe wa vumbi lisilooshwa likatoka. Bwana Hariri tuliyemwona kwa macho yetu akisuguliwa nyayo na wasichana wawili, magaga ameyapata wapi? Kambi yetu ikasema hiyo si miguu yake. Ameokotwa maskini mmoja asiye na kwao akalazwa pale, Inspekta amekwisha kula njama na jambazi, na ndiyo maana anatabasamu. Kambi ya Amekufa ikajibu kwamba Bwana Hariri alianza maisha chini kabisa, na suti haifiki visiginoni. Inspekta anatabasamu kwa kuwa hatimaye amemwona alivyo. Kinyozi wetu alikuwa na hoja ya tatu, kwamba yote ilikuwa ndoto, lakini kwake yeye kila tamthilia ni ndoto na hatumhesabu.

Shemeji yangu hakuwa na kambi. Kwenye mjengo wanamwita Taratibu, na kazi yake ni kuchanganya zege. Amechanganya zege la maghorofa ambayo leo akisogea getini anaulizwa anamtafuta nani. Mashine zipo, lakini mashine huharibika, na kuna pembe ambazo mashine haiingii, hapo ndipo Taratibu anaitwa na beleshi lake. Saruji mbichi haina huruma. Gambuti likitoboka maji ya saruji yanaingia, na mtu hasikii kitu mpaka jioni, wakati ngozi imekwisha kuungua. Ule ukucha uliangukiwa na tofali la saruji mwaka aliozaliwa binti yake. Ukiniuliza mimi, hakuna neno la aibu katika historia yote ya miguu hiyo. Yeye haoni hivyo, na ana sababu yake.

Binti alipokuwa darasa la pili, baba yake alimfuata shuleni akitokea kazini, na kandambili miguuni. Watoto wakamzunguka, wakaikodolea miguu macho, mmoja akainama kabisa aone vizuri. Njiani binti alitangulia mbele, mwendo wa mtoto anayetaka aonekane yuko peke yake. Tangu siku ile shemeji yangu hakuonekana miguu tena. Anaoga, anavaa soksi. Jua la kukaanga watu, soksi. Akiugua analala na soksi zake, na dada yangu ndiye pekee anayemkanda visigino kwa mafuta, mlango umefungwa. Nyumba yangu na yao zinatenganishwa na ukuta mmoja, lakini sikuwahi kuona hata kidole. Binti naye akakua, akasoma, akawa karani wa benki, mtoto wa kujivunia kweli, na miguu ya baba yake akaisahau.

Sasa niwaambie shemeji alivyofika kwenye ile meza ya maiti. Walikuwa wanajenga jengo la ofisi, na chumba cha chini kilikuwa kimekwisha kubandikwa vigae vyeupe. Watu wa tamthilia wakakiomba kwa siku moja wakifanye chumba cha maiti. Kila kitu kikawa tayari, ila mwigizaji wa Bwana Hariri akagoma. Alisema risasi amekubali kupigwa, lakini kulala juu ya meza ya maiti na kufunikwa shuka akiwa mzima, hapana, mama yake mzazi hatamwelewa. Walimbembeleza weee, mtu akapanda gari lake akaenda zake. Mwongozaji akatoka nje amechanganyikiwa, akaangaza macho kwa mafundi, akaona mmoja mwenye urefu wa Bwana Hariri.

"Mzee, unaweza kulala bila kujitikisa?"

"Naweza," alisema Taratibu, ambaye hajawahi kumkatalia mtu kitu.

Aliambiwa kulala tu. Habari ya kuvua viatu aliisikia amekwisha kufika mezani. Alitaka kukimbia, na mimi namwamini. Msichana wa vipodozi aliitazama ile miguu, akatazama kopo lake la poda, akamtazama mwongozaji. "Acha hivyo hivyo," mwongozaji akasema, "nani anaangalia miguu?" Akafunikwa. Chini ya shuka akasikia hatua za Inspekta zinakuja, mwigizaji mkubwa, mwanamke ambaye dada yangu anampenda kuliko ndugu zake wa damu, mimi nikiwemo. Akahisi shuka linapanda. Akahisi hewa inapita kwenye visigino, kisha vidole laini vya yule mama vikamshika kidole gumba. Haya ikamjaa mpaka kooni. Akanong'ona, "Samahani kwa miguu, mama."

Ndilo hilo tabasamu. Yule mama alijikaza, mdomo ukamshinda. Wakarudia tena na tena, lakini mwongozaji hakuipenda nyingine yoyote kama ile ya kwanza, kwa hiyo wakafuta sauti ya maiti na kuweka muziki wa huzuni. Mtu mzima aliomba radhi kwa miguu yake, na watu wenye akili zao wanatafuta maana yake mpaka wanakosana na mashemeji.

Shemeji hakumwambia mtu. Alidhani miguu haitaonekana, au itaonekana kidogo. Siku ilipoonyeshwa tulikuwa sebuleni kwao, yeye, dada yangu, binti na mimi. Miguu ilipojaza skrini, dada yangu aliacha kutafuna. Alimgeukia mumewe, mumewe akatazama dari. Mimi na binti hatukuona hayo, tulikuwa tumekwisha kuruka vitini.

"Mama mdogo, umeiona hiyo miguu?"

"Nimeiona."

"Ni ya mtu hiyo, au ya mbuni?"

Tukacheka tukashikana. Binti akaipiga picha skrini kwa simu yake, akaandika chini yake maneno manne: Juu hariri, chini msasa. Akatusomea kwa sauti, tukampongeza, akawatumia wenzake wa benki. Kesho yake mchana picha ile ilikuwa imefika kwenye mjengo, katika simu ya fundi rangi. Ikapita mkono kwa mkono wakati wa chakula mpaka ikamfikia Taratibu mwenyewe, na wenzake wakamtazama usoni wakingoja acheke. Akacheka. Kisha akavaa gambuti akarudi kwenye zege.

Dada yangu alinuna wiki nzima. Binti akimsemesha anajibiwa mkato, akiuliza kosa lake anaambiwa hakuna kosa. Siku moja naanika nguo upande wangu wa ukuta, nikasikia wawili wale wanazungumza uani kwao.

"Mwambie," dada alisema.

"Nimwambie nini?"

"Mtoto anakucheka."

"Anaicheka miguu. Hajui kama ni yangu. Nikimwambia, ndiyo atakuwa amenicheka mimi."

Nilibaki na nguo mbichi mkononi. Hapo ndipo nilipojua, na baadaye nilimbana shemeji mpaka akanieleza yote, huku akitazama pembeni kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Alinifanya niape kwamba sitamwambia binti. Niliapa, na siku hiyo hiyo nikahama kambi, bila kumweleza mtu sababu.

Jumapili iliyofuata wakaja wakwe watarajiwa. Alikuja mchumba mwenyewe, kijana mwalimu, mpole wa kumwaga maji akaomba ruhusa ya kupangusa. Na alikuja mjomba wake, msemaji wa ukoo, mwenye sauti ya mnadani. Mama wa kijana hakuweza kuja kwa sababu ya goti. Taratibu alikuwa ameketi sebuleni tangu asubuhi, viatu vyeusi vimepigwa rangi, soksi mbili mbili. Mjomba akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mkandarasi. Tumefurahi sana kukufahamu. Sifa za maghorofa yako tumezisikia."

Taratibu alimtazama binti yake. Binti alikuwa anatazama zulia. Ndipo baba alipotambua kwamba kwa wakwe zake amekwisha kuwa mkandarasi, pengine tangu zamani. Ingekuwa mimi, ningesema pale pale, na ningekwenda uani nikaleta beleshi walione. Yeye akainamisha kichwa kidogo.

"Karibuni sana," akasema. "Ni kazi ndogo ndogo tu."

Mjue basi alichokuwa anakilinda. Binti alikuwa amemtungia baba yake cheo, na uongo huo sasa ulikuwa umekaa kitini mbele ya wageni, umevaa soksi mbili mbili. Mkwe akiijua miguu ataijua kazi, na akiijua kazi atajua kwamba msichana wanayemtaka amewadanganya. Shemeji yangu alikuwa tayari kukaa hapo mkandarasi mpaka jua lizame. Na aibu yake, aliniambia baadaye, haikuwa kwa sababu ya uongo. Aliona haya kwamba mtoto wake alilazimika kuutafuta.

Wangezungumza yaliyowaleta wakaondoka, mambo yangekwisha salama. Lakini mjomba alikuwa Yu Hai kindakindaki.

"Mkwe, kabla hatujaingia kwenye maneno mazito," alisema, "wewe uko kambi gani?"

"Kambi gani?"

"Bwana Hariri. Usiniambie hutazami."

"Natazama kidogo."

"Basi nikwambie. Ile ni maiti ya kuokota. Mlevi fulani wa mtaroni. Mtu mwenye familia yake hawezi kuwa na miguu ile, mke atakubali vipi kulala nayo shuka moja?"

Dada yangu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Nilisikia vikombe vinagongana.

"Labda alikuwa mkulima, mjomba," mchumba akasema.

"Mkulima gani? Mkulima ana udongo, udongo unaoshwa. Ile ni miguu iliyokata tamaa. Na kuna mtu aliandika maneno, sijui ni nani, Mungu amweke. Juu hariri, chini msasa. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi."

Mchumba akatabasamu kwa fahari. "Mjomba, mwandishi mwenyewe si huyo hapo."

Mjomba akainuka kumpa binti mkono. Akasema kumbe wanaoa kichwa, kumbe ukoo wao utapata watoto wa kuchekesha. Binti alifurahi, maskini, uso ulimng'aa. Alikuwa amekaa roho juu tangu lile neno mkandarasi litajwe, na sasa alipata pa kupumulia. Akaanza na yeye kuitia chumvi, kwamba angekuwa Inspekta asingefunga kikaratasi bila glavu, kwamba shuka lenyewe lilichanwa na visigino likatupwa. Kila alilosema, mjomba alilipigia paja. Mimi niliangalia dirishani, maana niliapa, na kiapo kile siku hiyo kilinichoma.

"Mkandarasi, umetuachia wenyewe," mjomba akasema. "Hebu tupe maoni yako. Yule mwanamke anatabasamu nini?"

Wote wakamgeukia. Taratibu alisugua viganja vyake magotini. Nadhani alichoka kulibeba peke yake, akaona bora alitoe lipite kama mzaha kati ya mizaha.

"Mimi naona yule maiti aliomba radhi," alisema.

"Amwombe nani?"

"Inspekta. Alimwomba radhi kwa sababu ya miguu."

Mjomba alivua miwani ili acheke vizuri. Alisema hiyo imezidi zote, hiyo hata ile ya msasa haioni ndani. Mchumba alicheka. Binti naye alicheka, akageuka kumtafuta mama yake wacheke pamoja, kama wafanyavyo siku zote. Dada yangu alikuwa amesimama na sinia lake, machozi yanamtiririka, na wala hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa anatazama viatu vya mumewe.

Binti akayafuata macho ya mama yake. Akavitazama vile viatu. Akapanda na macho mpaka kwenye uso wa baba yake, akakuta baba anamtazama kwa namna ya kumsihi. Kicheko kilimkatikia njiani. Sijawahi kuona rangi ikimtoka mtu upesi namna ile.

"Baba," akasema.

"Wamiminie wageni chai," baba akajibu haraka.

Akainuka, akamimina. Chai ikaingia kwenye visahani, mjomba akasema huo ni woga wa bibi harusi. Mazungumzo yaliyowaleta yakaanza, yakaenda vizuri, yakaisha. Binti alikaa kwenye ncha ya kiti. Alipata nafasi nyingi za kusema, na zote aliziacha zipite. Kila mjomba alipotamka mkandarasi, na alilitamka kwa wingi, binti alifumba macho kidogo. Nilikuwa namlaumu, na nilikuwa namhurumia, na vyote viwili vilinikera kwa sababu nilitaka kimoja.

Tukawasindikiza mpaka mlangoni. Mjomba akatoa simu amjulishe dada yake, yaani mama wa kijana, kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Aliifungua sauti ili sote tusikie baraka. Mama akashukuru, akasalimia mmoja mmoja. Tukadhani wameagana.

"Subiri, dada," mjomba akasema. "Kuna yale maneno niliyokuwa nakwambia yamenivunja mbavu. Kumbe aliyeandika ni mkwe wako. Ngoja akwambie mwenyewe." Akamwekea binti simu mkononi. "Mwambie ile."

Binti aliishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, niambie nicheke na mimi, goti linanitesa."

Baba yake alikuwa nyuma ya mjomba, na nilimwona akimtikisia kichwa kidogo kidogo: sema tu, mwanangu, sema yaishe. Alitaka kwa roho yake yote aseme yale maneno manne. Binti aliliona hilo. Nafikiri ndilo lililomshinda.

"Mama," akasema, "ile miguu ni ya baba yangu."

Mjomba bado alikuwa anatabasamu, akidhani hapo ndipo kichekesho kinapoanzia.

"Miguu gani, mwanangu?" mama akauliza.

Kumbe hatazami tamthilia. Anatazama habari na hali ya hewa, basi. Hajui Bwana Hariri, hajui Inspekta, hajui kambi. Ikabidi mtoto aanze mwanzo, pale mlangoni, sauti imefunguliwa. Akaeleza chumba cha maiti. Akaeleza shuka, na kidole gumba, na magaga. Akaeleza kwamba watu wengi wameicheka, na kwamba maneno waliyoichekea ameyatunga yeye. Akasema baba yake si mkandarasi. Anachanganya zege, na saruji inaunguza miguu, na neno mkandarasi lilisemwa kwa sababu ya haya.

"Aliona haya nani?" mama akauliza. "Baba yako?"

"Mimi, mama."

Tabasamu la mjomba lilimtoka polepole, likaacha uso wake wazi. Mchumba aliinamisha kichwa. Dada yangu alikamata fremu ya mlango. Na sote pale, bila mtu kukusudia, macho yetu yakashuka chini, yakatua kwenye vile viatu vyeusi vilivyopigwa rangi. Shemeji yangu akavuta mguu mmoja nyuma ya mwenzake. Kisha akataka kuuvuta na wa pili, lakini ukuta ulikuwa mgongoni kwake, na hapakuwa na pa kuuweka.